Lenco L75, Technics SL-1200MK2 au Thorens TD 160: ipi ya kuifufua hapa kwetu?

Mkazi wa Chang'ombe (Dar)

Wakuu, habari za jioni. Marehemu babu katuachia sanduku la santuri. Nyingi ni za 45 (mizunguko 45 kwa dakika), bendi za Dar na Morogoro zilizochapwa Nairobi enzi zile. Kuna LP kadhaa (zile kubwa za 33) za rumba, na rundo dogo la 78 za taarab, zile nzito ambazo ukiziangusha unaokota vigae. Nahitaji mashine ya kuzipigia, ila hizi mpya za plastiki za madukani sizitaki. Nataka ya zamani niifungue yote, niisafishe, kisha niitengenezee boksi la mbao kwa mkono wangu. Kulehemu najua, amplifaya nazichokonoa tangu niko sekondari.

Pesa ni ya mashine moja, na zilizo mezani ni tatu:

Lenco L75, iko kwa shemeji yangu Uholanzi. Inazunguka, ila mkono wake wa sindano unacheza na boksi limevimba kwa maji.

Technics SL-1200MK2, ipo hapa hapa mjini, imetoka kwenye disko. Inazunguka vizuri, chaneli ya kushoto kimya, na kitelezi cha spidi kinarukaruka.

Thorens TD 160, mjomba yuko Marekani, atakuja nayo mwezi wa 12. Anasema ni nzima kabisa, haina tatizo lolote.

Naomba mnisaidie kulinganisha kwa spea, kwa umeme wetu huu, na kwa sauti.

DJ Mstaafu (Temeke)

Technics. Sioni mjadala uko wapi.

Chaneli moja ikiwa kimya kwenye mashine ya disko, mara nyingi ni waya wa kutoa sauti umekatika pale unapoingia chini ya mashine, au zile pini nne za kichwa cha mkono zimeshika kutu. Kabla hujafungua chochote, chomoa kichwa, sugua pini kwa kifutio cha penseli, rudisha. Kitelezi kimejaa vumbi na soda za walevi. Kifungue, kisafishe, kinarudi. MK2 ilitoka 1979 na ikaendelea kutengenezwa hadi 2010, ndiyo maana vifaa vyake vimezagaa dunia nzima. Inafika spidi kwa sekunde 0.7. Hizo nyingine ukiziwasha una muda wa kwenda kuteka maji.

Kerezo Gerezani (Dar)

DJ kasema kweli kuhusu waya. Ila mkuu, kabla hujalipa jiulize hivi: kile kikubwa kikifa, nani atakifufua?

Kwenye Technics kikubwa ni ubao unaoendesha mota. Una IC (chipu) za Matsushita, wenye Technics, AN6675, AN6680 na AN6682, za enzi zile. Zinadumu, sikatai. Lakini hiyo ya disko imekula umeme wa jenereta usiku mingapi? IC ikiungua unaingia mitandaoni kubahatisha zilizotolewa kwenye mashine mbovu, na bandia nazo zimo.

Lenco haina kitu hicho. Kuna mota yenye ekseli ya umbo la koni, kuna kigurudumu cha mpira kilichosimama wima, kinagusa koni kwa chini na tumbo la sahani inayobeba santuri kwa juu. Ukikisogeza kwenye unene wa koni spidi inapanda, ukikirudisha kwenye wembamba inashuka. Basi. Karibu kila chuma kilichomo humo fundi mwenye mashine ya kerezo anaweza kukutolea kipya kwa kuangalia cha zamani, na mafundi hao hapa Gerezani unapishana nao kila kona.

Magonjwa ya L75 yanajulikana. Mkono unacheza kwa sababu umekalia vipande viwili vya mpira vyenye umbo la V, na baada ya miaka 50 mpira ule unasagika ukiubonyeza kwa kidole. Usihangaike kutafuta vya asili, vimeoza vyote. Vipya vinauzwa, au mpe fundi avichonge kwa shaba nyeusi au nailoni ngumu. Ugonjwa wa pili ni uzito wa nyuma ya mkono: unainama kwa sababu mpira wa ndani umelegea. Wa tatu ni beringi kuu. Ile sahani ina karibu kilo 4, na oili yake ya kiwandani saa hizi ni gundi. Chomoa shafti, futa kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha mulika tochi mle ndani uone kitako ambacho shafti inakalia. Kikiwa na shimo, kikerezwe kingine. Usifunge hivyo hivyo ukasema oili mpya itaponya.

Kigurudumu chenyewe mara nyingi utakikuta kizima. Kifute kwa spiriti. Kama mpira unang'aa, gusa msasa laini sana kikiwa kinazunguka. Jambo moja la kumuuliza shemeji: mashine ilihifadhiwa ikiwa imezimwa kwa swichi yake, au ilichomolewa tu ukutani? Ukizima kwa swichi kigurudumu kinajitenga na sahani. Kikiachwa kimebanwa miaka yote, mpira unaingia kishimo, na utakisikia kwenye spika: du, du, du, kila kinapopita.

Binti Forodhani (Unguja)

Mbona nyote mmelipita neno 78? Kasema kabisa babu ana 78 za taarab.

SL-1200MK2 ina 33 na 45, basi. TD 160 vilevile. Lenco peke yake kati ya hizo tatu ina 16, 33, 45, 78 na vyote vilivyo katikati ya 33 na 78, na hivyo vya katikati ndivyo khasa utakavyovitaka. Santuri za kale hazikukatwa zote kwa 78 kamili. Nyingine ni 76, nyingine 80. Ukibahatika kukuta humo HMV ya Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, au lebo ya Jambo, au Mzuri ya Mombasa, utatega sikio usogeze kile kitufe taratibu mpaka sauti ya muimbaji ikae mahala pake. Kwa mashine yenye vituo viwili hilo huliwezi.

Na sindano pia si moja. Ncha ya sindano ya LP ni kama mikroni 18, mfereji wa 78 unataka kama 65 hadi 75. Ukitumia ya LP inakwenda kutambaa sakafuni mwa mfereji, kwenye mchanga wote wa miaka, na unachosikia ni kukwaruza. Mimi natumia katriji (kile kidude kinachobeba sindano) ya Audio-Technica ya jamii ya VM95: unachomeka sindano ya VM95E kwa LP na 45, ukitaka 78 unaichomoa unatia VM95SP, katriji ile ile. Lakini uzito wa sindano juu ya santuri ubadilishe kila mara, gramu 2 kwa ile ya kwanza, gramu 5 kwa ya pili. Mizani ndogo ya sonara inatosha kupimia.

Halafu tafadhali sana, 78 usizioshe kwa spiriti. Zile ni shelaki, spiriti inaziyeyusha. Tumia maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri (maji, si asidi!), tone la sabuni ya vyombo, na kitambaa laini. Lebo isilowe.

DJ Mstaafu (Temeke)

Dada yangu, nakubali 78 ilinipita. Lakini ujanja upo. Weka sindano ya 78, piga kwa 45, rekodi kwenye kompyuta, kisha programu ipandishe spidi mara 1.733. Umemaliza, na santuri haijachoka.

Binti Forodhani (Unguja)

Kwa kuhifadhi, sawa, watu wanafanya, na kwa santuri iliyopinda ni afadhali hivyo kuliko kuiendesha kwa kasi. Ila ujue marekebisho ya besi na treble yanayofanywa na priampu (kikuza sauti cha awali, kabla ya amplifaya) yanakaa pasipo ukishapandisha spidi, lazima uyatengue kwanza kisha uyapange upya. Na huyu mwenzetu anataka kukaa barazani asikilize. Umwambie kila wimbo wa dakika tatu akaupike kwenye kompyuta kwanza?

Swahiba wa Maskati (Oman)

Assalaam aleikum. Hiyo Thorens ya mjomba "haina tatizo lolote" kwa kuwa iko Marekani. Ikishuka uwanja wa ndege Dar inakuwa na mawili.

La volti kila mtu analijua: kule ni 120, kwetu 230, unatia transfoma ya kushushia. Wengi wanaishia hapo na ndipo wanapopotea, maana transfoma haibadilishi mapigo ya umeme. Marekani ni hezi 60, Tanzania na Kenya 50, na huku Oman 50 pia. Mota ya TD 160 inafuata mapigo hayo. Ukiileta kama ilivyo, 33 yako inakuwa 27.8, na mwimbaji wa kike anakuwa shekhe. Dawa yake ni puli ya hezi 50, inauzwa, ni kipande kidogo cha chuma juu ya mota. Mwambie mjomba asije bila hiyo. Puli hiyo na mkanda mpya wa kuzungushia sahani, TD 160 ni mashine tulivu kupita zote hizo tatu. Ngurumo ya mota huisikii.

Ndugu zangu walioko Saudia, huko kwenu ni 60, kwa hiyo nyinyi kinyume chake.

Mkanda usikate kwenye tyubu ya baiskeli. Unene haulingani, na kila palipo nene sauti inayumba. Piano itakuumbua.

Jirani Kamukunji (Nairobi)

Niongeze kwa hiyo Thorens. Utulivu wake unatokana na springi tatu zinazobeba sahani na mkono, mtindo ulioletwa na AR, kampuni ya Edgar Villchur, mwaka 1961. Ulibuniwa kwa nyumba za wenzetu, sakafu za mbao, mtu akipita sindano inaruka. Sisi sakafu zetu ni zege. Unaanza kuhangaika na springi, kuzipanga mpaka sahani ipande na kushuka wima bila kuyumba kando, kwa ajili ya shida ambayo kwako huna. Mitetemo ya spika ni kweli inabaki, lakini hiyo weka mashine mbali na spika, au kwenye rafu iliyopigwa ukutani, imekwisha.

Pia umesema unataka kutengeneza boksi mwenyewe. Kwa hilo Technics inatoka: mwili wake ni alumini na mpira mzito, huna la kujenga. TD 160 boksi ni fremu tu ya kubebea, na ukilifanya zito kupita kiasi hupati mengi, maana springi ndizo zinazofanya kazi. Lenco ndiyo inayolipa jasho. Bamba lake la juu ni chuma chembamba, ukiligonga kwa kidole linalia. Likikaa juu ya kiboksi chepesi cha kiwandani, ngurumo ya mota inapita moja kwa moja kwenye sindano, na hapo ndipo watu wanasema mashine za kigurudumu zina kelele. Ukilikandamiza juu ya boksi zito, kelele inashuka sana.

Boksi lenyewe: plaiwudi, vipande vitatu au vinne vya milimita 18, vigundishwe na kubanwa kwa klempu usiku kucha. Tundu la ndani likate kufuata umbo la mota na mitambo, usiache pango kubwa. Chini ya bamba bandika yale mashiti ya lami wanayotumia mafundi wa bodi za magari kuzuia mlio wa milango. Gonga tena, utasikia tofauti kwa kidole hicho hicho.

Mkazi wa Chang'ombe (Dar)

Hapo kwenye mbao mmenigusa. Plaiwudi lazima? Kuna mbao za mninga nimeziweka stoo zimekauka vizuri. Na mpingo je?

Kerezo Gerezani (Dar)

Mninga vika nje, tena umepata mti wake: ukikauka hautembei sana, hata ukiwa pwani. Ila boksi zima usilichonge kwenye gogo moja. Mbao nzima, mti wowote, masika inavimba na kiangazi inasinyaa, na bamba la chuma haliifuati. Plaiwudi ndani kwa sababu nyuzi zake zimepishana. Gundi iwe ya kuzuia maji, sila na vanishi pande zote, hata chini kusikoonekana, maana unyevu wa Dar unaingilia huko huko.

Mpingo acha kwa ajili ya kile kibao cha kushikia mkono, kama siku moja utabadilisha mkono. Vipande vikubwa visivyo na ufa hupati, na patasi zako zitalia.

Kijana wa Ngamiani (Tanga)

Samahani wakubwa, mbona hakuna aliyetaja Garrard 301? Nasikia ndiyo mfalme.

Kerezo Gerezani (Dar)

Ni mfalme, dogo, na unamlipa kifalme. Iliyo hai siku hizi bei yake unanunua bodaboda na chenji inabaki. Kanuni ni ile ile ya kigurudumu, ila cha Garrard kimelala.

Mzee wa Mtongwe (Mombasa)

Nami niseme la umeme, maana mwenye mada alilitaja na watu wamelipita juu juu.

Kwanza inveta. Umeme ukikatika ukaingia kwenye inveta ya bei nafuu, ile ya mawimbi ya ngazi-ngazi, mota ya Lenco au Thorens itavuma na kupata moto. Ichague ya mawimbi laini au nyamaza mpaka umeme urudi. Technics haijali sana, kwani umeme wake unageuzwa ndani kabla ya kufika kwenye mota, na kwa sababu hiyo hiyo haina habari na hezi 50 wala 60. Hiyo ni pointi yake ya haki.

Pili, Swahiba, puli si dawa pekee. Mimi Thorens yangu ya 60 sikuigusa puli. Nilitengeneza kiwanda kidogo cha umeme: kibao cha kuzalisha wimbi la saini, amplifaya ya IC moja, halafu transfoma ya kawaida niliyoigeuza, umeme mdogo unaingia upande wa volti 12, unatoka 120 upande wa pili. Ukitaka 60 unaiagiza 60. Ukitaka kupunguza kidogo, unapunguza, kwa kitufe. Mota inakula wati chache tu. Lakini kinachotoka kule ni umeme wa kuua, sanduku lifungwe na lisichezewe na mtoto.

Kupima spidi, chapisha duara lenye mistari 180 kwa 33 na uimulike kwa taa inayofuata umeme wa hezi 50. Mistari ikisimama, spidi ni sawa. Taa nyingi za LED hazikufai, hazipepesi inavyotakiwa. Tafuta taa ya neoni, au tyubulaiti ya zamani yenye choki.

Mkazi wa Chang'ombe (Dar)

Wakuu asanteni sana. Leo nilipita kuiona Technics. DJ, pini nilizisugua kama ulivyosema na chaneli ya kushoto ikarudi, mwenye mali mwenyewe alishangaa na hapo hapo akapandisha bei. Lakini nilishika kichwa cha mkono nikautikisa polepole mbele na nyuma, nikasikia unacheza pale shingoni. Kufungua chini hakuniruhusu.

Shemeji naye katuma picha za tumbo la Lenco. Ilizimwa kwa swichi, kasema ana uhakika. Karibu na swichi kuna kidude cha rangi ya kahawia kinachoonyesha ndani, kina nyufa nyufa. Ni nini?

DJ Mstaafu (Temeke)

Mkono ukicheza shingoni uliwahi kupigwa. Beringi zake kukaza kunataka mkono mwepesi, na zikishaumia ni mkono mpya. Kwa bei aliyopandisha, mwachie. Nimesema Technics, sikusema hiyo.

Kerezo Gerezani (Dar)

Hicho cha kahawia ni kapasita ya karatasi ya kuzuia cheche za swichi. Ganda likishapasuka linanyonya unyevu, na siku moja inatoa moshi wenye harufu mbaya ukiwa umekaa unasikiliza. Shemeji asiiwashe tena. Ukiipokea, kata hiyo kwanza kabla ya yote, weka mpya ya daraja la X2 (za umeme wa ukutani) yenye thamani ile ile. Bei ya soda. Ukiwa humo humo, kagua waya za mota. Ganda la mpira likivunjika ukilikunja, badilisha zote, na bamba la chuma lipate waya wa ethi.

Binti Forodhani (Unguja)

Kwa hiyo ni Lenco? Basi kinachofuata ni usafiri, na hapo ndipo nyingi zinapofia. Sahani itolewe. Mwambie shemeji asikubali kamwe kuituma sahani ikiwa juu ya shafti. Boksi likidondoka mara moja, kilo 4 zinaipinda shafti au zinatoboa kitako cha beringi, na bamba la juu linabonyea. Sahani ifungwe peke yake, kwenye boksi lake.

Kerezo Gerezani (Dar)

Na mota inaning'inia kwa springi, ajaze sponji kila upande isipigepige. Uzito wa nyuma ya mkono autoe. Mkono aufunge kwenye kishikio chake kwa uzi laini, asitumie gundi ya karatasi, inatoka na rangi. Kile kichwa cha mkono pia asikitupe hata kama katriji imekufa, kwa sababu si saizi ya Technics, ukikipoteza unaanza kukitafuta upya.

Mkazi wa Chang'ombe (Dar)

Nimemtumia yote. Anauliza boksi lile lililovimba alilete nalo?

Jirani Kamukunji (Nairobi)

Alitupe huko huko, ni uzito wa bure kwenye mzigo. Ila kabla hajatupa, aweke bamba juu ya karatasi kubwa achore kwa penseli kuzunguka tundu zote na mahali pa skrubu, halafu aikunje aitie kwenye mzigo. Wewe utaanza kugundisha plaiwudi hata kabla mashine haijafika.